Ncha ya Pili ya Kamba

Mama alipopata viza ya kuja kututembelea Uingereza, binti yangu mwenye miaka tisa alikwisha kuamua bibi yake atafurahishwa na nini. Apelekwe shambani akatembee na alpaka, mnyama wa sufu kutoka Amerika ya Kusini. Wenzake darasani walikwisha kwenda na picha walileta. Shughuli hii imeenea sana hapa: mkulima anafuga alpaka, mgeni analipa, anapewa kamba yenye mnyama upande wa pili, kisha wanatembea kwa muda wa saa moja hivi kwenye vijia vya malishoni, kundi zima pamoja. Sisi tunakaa Bradford, kaskazini mwa Uingereza, na mashamba ya aina hiyo hayako mbali. Bei niliyoikuta ilikuwa kati ya pauni 20 na 30 kwa mtu mzima, fedha ambayo familia ya watu watano haitoi bila kuketi na kushauriana.

Mume wangu alitaka tulipe usiku uleule, kwa kuwa Jumamosi za kiangazi hujaa mapema. Nikamwomba asubiri nipige simu kwanza. Siku hizi watu hulipa kwa kubonyeza tu, na kupiga simu kuuliza maswali huonekana ni kujisumbua. Kwangu simu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, na sababu yake inaanzia Mombasa.

Mjomba wangu, kaka yake mama, aliongoza ngamia kwenye fukwe za Nyali na Bamburi kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Aliyewahi kutembea huko anawajua ngamia hao, wamevishwa matandiko ya rangi na vishada vya nyuzi, wanapita mchangani tangu asubuhi wakitafuta wa kuwapanda. Ngamia hakuwa mali ya mjomba. Jioni alihesabu mapato, akapeleka fungu la mwenye mnyama, naye akabaki na lake. Sisi watoto wa dada yake tulimfuata wakati wa likizo kwa mapenzi ya ngamia, naye akatufundisha kazi.

Kwanza alitufundisha kuangalia miguu. Ngamia hana kwato za kukanyagia kama ng'ombe. Uzito wake wote unakaa juu ya nyama laini ya unyayo, na kipande cha tumbawe au kigae cha chupa kikiingia hapo, kesho hakuna kazi. Kila jioni mjomba aliinama akainua mguu mmoja baada ya mwingine, akapitisha kidole gumba taratibu. Adhuhuri, mchanga mkavu wa juu ulipokuwa unaunguza, alimshusha ngamia kwenye mchanga mbichi ukingoni mwa maji, au akampumzisha chini ya mivinje. Akimwona anasita kupiga magoti, aliwaambia wageni kazi imekwisha, hata kama noti walikuwa nayo mkononi. Mwenye ngamia hakupendezwa na hilo. Nakumbuka mjomba akimjibu kwa upole kwamba mnyama hana kinywa cha kuomba ruhusa, kwa hiyo anayemshika kamba ndiye kinywa chake.

Wageni waliuliza jina lake, umri wake, na kama anatema mate. Hao hawakuwa watu wabaya. Wengi walimpapasa shingo kwa mapenzi ya kweli, na wengine walitoa bakshishi nono. Lakini sikuwahi kumsikia mtu akiuliza kama mnyama amekunywa maji leo, au amebeba watu wangapi tangu jua lichomoze. Walidhani kazi yao ni kulipa na kupanda tu.

Kisha ukaja mwanzo wa mwaka 2008. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, hoteli za pwani zilibaki tupu, na ufukwe ukawa wa wavuvi na kunguru. Watalii hawakuja, na ngamia hakuacha kula. Mjomba alikuwa akienda soko la Kongowea jioni kuokota majani ya kabeji yaliyotupwa na wachuuzi, akiyabeba kwa gunia. Alikata matawi ya miti kando ya njia. Mbavu za ngamia zilianza kuhesabika, na mwishowe mwenye mali akamuuza. Sijui aliishia wapi, na mjomba hakutaka kuulizwa. Tangu hapo nimekuwa na swali moja ninalolibeba kila ninapoona mnyama anayeishi kwa fedha za wageni: wageni wasipokuja, atakula nini?

Hiyo ndiyo sababu nilichukua simu.

Kabla ya kupiga nilisoma kuhusu alpaka mwenyewe, na nikakuta nasoma habari za ukoo wa ngamia. Wanyama hawa ni wa familia moja. Asili ya familia hiyo ni Amerika ya Kaskazini, mamilioni ya miaka iliyopita. Tawi moja lilivuka hadi Asia na hatimaye likatupa ngamia wa Uarabuni na Afrika, tawi jingine likateremka Amerika ya Kusini. Huko, juu ya milima ya Andes, watu walianza kumfuga vikunya, mnyama wa porini mwembamba mwenye sufu laini ajabu, miaka ipatayo 6,000 iliyopita, na kizazi baada ya kizazi akapatikana alpaka. Wataalamu wengi walikuwa wakidhani ametokana na guanako, mzazi wa lama, hadi utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2001 ulipoonyesha nasaba yake ya vikunya. Lama ndiye wa kubeba mizigo. Alpaka alifugwa kwa sufu, na kwao nyama yake huliwa pia. Wengi wao mpaka leo wako Peru, kwenye nyanda za juu za mita 3,500 hadi 5,000 kutoka usawa wa bahari, na wafugaji wao ni watu wa asili ya nchi hiyo ambao sehemu kubwa ni maskini.

Kwa hiyo alpaka hapandwi. Ana urefu usiofika mita moja begani, na uzito wake ni kama kilo 50 hadi 80. Anapiga magoti vilevile kama binamu yake wa Bamburi, ana mdomo wa juu uliopasuka vilevile, na nyayo zake ni laini vilevile, zenye kucha mbili zinazohitaji kukatwa. Ni mnyama wa kundi, akitengwa peke yake hudhoofika kwa wasiwasi. Na ni mnyama wa kuwindwa. Huko kwao adui yake ni puma, ambaye huruka na kushika shingo na kichwa. Nilipolijua hilo nikaelewa kwa nini wafugaji wazuri wanasema alpaka hapendi kushikwa kichwani wala kukumbatiwa. Anavumilia. Kuvumilia na kupenda ni mambo mawili, na mtu aliyelelewa karibu na mnyama wa kazi huona tofauti yake machoni na masikioni mwa mnyama.

Shamba la kwanza nililopigia lilikuwa na sauti ya furaha sana. Matembezi yapo kila saa tangu asubuhi hadi jioni, mwishoni mwa juma. Watoto wanaruhusiwa kuwakumbatia kwa picha. Pia huwapeleka kwenye harusi, wakiwa wamefungwa tai shingoni, wakasimama na maharusi. Nikauliza kila mmoja anatembea mara ngapi kwa siku. Nikajibiwa kwamba wamezoea. Jibu hilo nilikwisha kulisikia, tena kwa Kiswahili, likisemwa na mwenye ngamia akimwambia mjomba. Nikashukuru nikakata simu.

La pili halikushika simu. La tatu alishika mama mmoja ambaye, kabla sijauliza lolote, alianza kuniuliza yeye. Watoto wana umri gani? Kuna mjamzito katika msafara? Kuna anayeogopa wanyama? Mama yako anatembeaje, anapanda kilima? Mna viatu vya matope? Nilihisi nimefika. Mtu anayekuhoji kabla ya kupokea fedha yako ana kitu anachokilinda.

Nikamuuliza wanaotembezwa ni alpaka gani. Akasema ni madume waliohasiwa, pamoja na vijana wachache wanaofundishwa polepole. Majike hawatembezwi, kwa kuwa mimba ya alpaka huchukua miezi kumi na moja na nusu hivi, na jike wa uzazi huwa ana mimba karibu mwaka mzima. Nikauliza kama wapo waliolelewa kwa chupa, kwani binti yangu alikuwa anaota kumnyonyesha mmoja. Hapo sauti yake ikawa nzito. Dume aliyezoeshwa sana na watu tangu mchanga, alisema, akikua humhesabu binadamu kuwa dume mwenzake. Humkabili kwa kifua, humwangusha, humuuma. Mtoto wa alpaka mpole mno anayekimbilia kila mgeni anapendeza kwenye picha, na baada ya miaka mitatu huenda akalazimika kuuawa. Ndiyo maana kwake watoto wa alpaka hawachezewi, wala maziwa ya chupa hawapewi ila mama amekufa au hana maziwa. Nilimpenda kwa kuniambia ukweli huo badala ya kunipa ahadi.

Kila mnyama hutembea mara moja kwa siku, na ana siku za kupumzika. Jua likiwa kali, matembezi yanafutwa na fedha inarudishwa, maana alpaka hufa kwa joto kirahisi kuliko watu wanavyodhani. Basi nikatoa swali langu la tangu 2008. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hakuna aliyewahi kumuuliza. Mwaka 2020 serikali ilipofunga nchi kwa sababu ya korona, wageni walikoma kwa miezi. Lakini shamba lina kondoo, anauza alpaka wa mbegu kwa wafugaji wengine, na sufu inasokotwa nyuzi na kuuzwa. Hivyo ndivyo vilivyowalisha. Wageni, alisema, ni nyongeza inayohitajika zaidi sasa, maana ruzuku waliyokuwa wakilipwa wakulima wa Uingereza kwa ukubwa wa ardhi ilianza kupunguzwa mwaka 2021, lakini hataki wanyama wake wategemee tiketi peke yake. Nililipa palepale, kwa watu watano.

Tarehe tuliipanga kwa kufuata kalenda ya wanyama. Alpaka hunyolewa mara moja kwa mwaka, na hapa msimu wake ni kati ya Mei na Julai. Aliyetoka kunyolewa anahitaji siku chache kutulia, na ambaye hajanyolewa huteseka na joto la Juni. Tukachagua asubuhi ya mapema, baada ya unyoaji. Binti yangu alisikitika kidogo aliposikia kwamba hatawakuta na manyoya mengi. Nikamwonyesha picha za kabla na baada, nikamweleza kwamba rafiki yake wa siku hiyo atakuwa mwepesi na mwenye furaha. Mtoto akielezwa sababu hukubali haraka kuliko mtu mzima.

Mama alipofika, mipango yake yeye ilikuwa mingine. Aliuliza njia ina mawe au nyasi, kwa ajili ya magoti. Kisha akauliza la muhimu zaidi: twahara. Sisi wa madhehebu ya Shafii tunahesabu kinyesi cha mnyama yeyote kuwa najisi, na mama hakuwa tayari kukosa adhuhuri yake kwa sababu ya matembezi. Nilimpigia tena yule mama wa shambani kumuuliza kuhusu uchafu njiani, nikiona haya kidogo. Akacheka kwa ukarimu, akasema alpaka wana choo chao. Kundi zima huchagua mahali pamoja malishoni, na kila mmoja huenda hapo kwa haja yake, hivyo njia hubaki safi kuliko za ng'ombe. Nilipomweleza mama, alitikisa kichwa kwa kuridhika: "Wanyama wenye adabu hao." Hata hivyo tulifunga buibui la pili, jozi ya viatu safi, na galoni la maji garini.

Maji na sabuni nilivitilia mkazo kwa watoto pia. Mwaka 2009, shamba moja la wageni huko Surrey, kusini mwa Uingereza, lilikuwa chanzo cha mlipuko wa bakteria wa E. coli uliowapata watu 93, wengi wao watoto wadogo, na baadhi figo zao ziliathirika vibaya. Dawa ya kupaka mikononi haitoshi pakiwa na udongo na kinyesi. Ni maji yanayotiririka na sabuni, kabla ya kugusa chochote cha kula. Nataka mzazi anayesoma hapa alishike hilo. Mnyama mwenye afya kamili anaweza kubeba kijidudu hicho bila dalili.

Siku za kungoja tulimpeleka mama Saltaire, kijiji kilichomezwa na mji wa Bradford. Mwaka 1836 kijana mfanyabiashara wa sufu, Titus Salt, alikuta bandarini Liverpool marobota ya sufu ya alpaka kutoka Peru ambayo hayakuwa na wanunuzi, kwa sababu mashine za wakati ule hazikuweza kuisokota vizuri. Akayanunua, akahangaika nayo mpaka akapata namna, na kitambaa cha alpaka kikavaliwa na wanawake wa tabaka la juu wa Uingereza yote. Hata sufu ya alpaka wa Malkia Victoria ilipelekwa kwake kufumwa. Mwaka 1853 alifungua kiwanda kikubwa kando ya mto Aire, akakizungushia kijiji cha wafanyakazi chenye nyumba za mawe, shule na hospitali. Tangu 2001 kijiji hicho ni urithi wa dunia wa UNESCO. Katika bustani yake zipo sanamu za alpaka, na watoto walizipanda zote.

Mama alisimama muda mrefu akiliangalia jengo la kiwanda. Akauliza wale wafugaji wa Peru walijengewa nini. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu kijiji kile kilijengwa kwa ajili ya waliosokota, na wachungaji wa Andes walibaki na baridi yao. Nilimwona kaka yake katika swali lile. Alpaka hai walioenea mashambani humu walikuja baadaye sana; wengi wa mwanzo waliletwa kutoka Chile katika miaka ya 1990, na chama cha wafugaji wao wa Uingereza kiliundwa 1996.

Asubuhi yenyewe ilikuwa na mawingu, baridi kidogo, hali nzuri kwa wenyeji wetu. Getini tuliambiwa tukanyage kwenye beseni la dawa ya kuua vijidudu na tusugue soli. Mama wa shambani alitueleza kwa nini. Alpaka hupata kifua kikuu cha ng'ombe, na sheria ya Uingereza inataka mnyama aliyethibitika kuwa nacho auawe. Mwezi Agosti 2021 nchi nzima ilifuatilia habari za alpaka mmoja wa Gloucestershire aliyeitwa Geronimo, aliyeletwa kutoka New Zealand, akapimwa mara mbili akakutwa na ugonjwa. Mwenye mnyama alikwenda mahakamani miaka mingi kumtetea, na mwishowe alpaka huyo aliuawa. Baada ya kisa hicho, alisema, hakuna mgeni anayeingia kwake bila kusugua viatu. Mama yangu alirudia kusugua vyake bila kuambiwa.

Kisha tukafundishwa hatamu. Hii ndiyo sehemu niliyoisikiliza kwa makini zaidi, nami nataka kuiandika kwa ukamilifu. Mkanda wa puani lazima ukae juu, karibu na macho, penye mfupa. Ukiteremka chini unakaa juu ya gegedu laini na kubana pumzi, na alpaka hutegemea pua kwa kupumua. Mnyama anayehisi kubanwa pumzi hurukaruka, na mgeni asiyejua humwita mkorofi akazidi kuvuta. Alitupitisha mmoja mmoja, akatuonyesha kwa kidole mfupa unapoanzia. Akaonyesha dalili za kukasirika: masikio yanalala nyuma, kidevu kinainuka. Mate hutemeana wao kwa wao, mara nyingi wakigombea chakula, na mtu hupata yake akiwa amesimama katikati. Ndiyo sababu siku hiyo hatukupewa chakula cha kuwalisha njiani, tulilisha mwisho, kila mmoja na chombo chake.

Mwanangu mdogo, wa miaka mitano, hakupewa kamba peke yake. Alishika katikati, nami nikashika mwisho. Binti yangu alipewa kijana wa rangi ya kahawia mwenye macho makubwa, na mwanzoni alitembea mbele akimvuta. Alpaka akasimama. Mtoto akavuta, alpaka akakaza miguu. Sikusema neno. Ni bibi yake aliyemkaribia, akamwambia kwa Kiswahili, "Legeza, mjukuu wangu. Tembea ubavuni kwake, usimtangulie." Akalegeza, na mnyama akaanza kwenda. Kutoka hapo mpaka mwisho alishika kamba kwa vidole viwili tu.

Mama mwenyewe alikuwa na mzee wa kundi, mweupe, mwenye mwendo wa kukubaliana na magoti ya bibi. Walitangulia sote tukawafuata. Wakitembea, alpaka hutoa sauti nyembamba ya kuguna, na mama alikuwa akimjibu kwa mdomo uliofumbwa. Kwenye mteremko mmoja mzee yule alipiga magoti akalala njiani. Wageni wengine walicheka, kijana mmoja akataka kusaidia kumsukuma. Mama alisimama mbele yake. Hakujua Kiingereza cha kumweleza, lakini aliinua mkono tu, na kijana akaelewa. Mama akainama, akamwangalia mnyama miguu, mmoja baada ya mwingine, kwa mkono uleule niliouona Bamburi kwa kaka yake. Mwenye shamba alikuja mbio, akasimama kumtazama. Hakukuwa na jeraha. Mzee alikuwa anapumzika. Tukangoja mpaka akainuka mwenyewe, tukaendelea.

Tulipokuwa tunanawa mikono, mwenye shamba aliniomba nimuulize mama alijifunzia wapi. Nikamsimulia habari za mjomba, naye akatusimulia za majira ya baridi. Tangu Oktoba hivi mpaka machipuko, anawapa alpaka wote vitamini D, kwa sindano au kwa dawa ya kulambishwa. Miili yao iliumbwa kwa jua la Andes, jua kali la karibu na ikweta kwenye kimo kikubwa. Hapa Yorkshire jua la Desemba haliwatoshi, na wachanga hasa mifupa yao hulainika wakikosa. Nikamtafsiria mama. Mama akanigeukia mimi. Huduma ya afya ya Uingereza inatushauri sisi wenye ngozi nyeusi kumeza maikrogramu 10 za vitamini hiyo kila siku, mwaka mzima, na chupa yangu mama alikwisha kuiona juu ya friji akaniuliza naumwa nini. "Kumbe na wao pia," alisema, akampapasa yule mzee mweupe shingoni, mahali tulipoambiwa panaruhusiwa. Mpaka anarudi Mombasa, kila simu aliyopiga nyumbani ilikuwa na habari za vitamini za alpaka.

Adhuhuri ya siku ile mama aliiswalia katika chumba cha kupumzikia wageni, kwa buibui safi, baada ya mwenye shamba kumwondolea viti bila kuombwa.

Nimeandika haya nikiwafikiria Waswahili wenzangu wanaopanga siku ya namna hii, popote walipo. Huenda utakwenda na watoto kwa alpaka Uingereza, au kwa ngamia Malindi, au kwa punda Lamu, au kwa kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar. Pigeni simu kwanza, au mkifika mketi na anayeshika kamba. Muulizeni mnyama amefanya kazi mara ngapi leo, amekunywa maji saa ngapi, anapumzika siku gani, na msimu wa wageni ukikatika anaishi kwa nini. Maswali hayo hayagharimu kitu, na mwenye wanyama akiulizwa na wageni wengi ataanza kuyatafutia majibu. Akikosa jibu, rudini nyumbani na fedha yenu. Na akijibu vizuri, mlipeni bei yake yote aliyoitaja, msimpunguzie hata shilingi, kwa sababu katika bei hiyo mna chakula cha mnyama cha siku ambazo ninyi hamtakuwapo.